Kuku Wadogo Juu ya Blanketi

Siku tatu za maisha yangu ninazijua kwa kusimuliwa tu. Nilikuwepo, tena nilikuwa macho, na naambiwa nilisema sana. Lakini ukiniuliza mimi mwenyewe nitakupa vipande vitatu: maji yakiteremka ukutani bila kulowesha sakafu, kuku wadogo kama kidole gumba wakitembea juu ya blanketi, na marehemu mume wangu ameketi na ovaroli yake ya kiwanda cha karatasi cha Webuye, amegeuza uso, hataki kunitazama. Mengine yote nimeyaokota kwa watu. Nayaandika kwa sababu tangu nipone nimekutana na wengi wenye mzee nyumbani ambaye jana alikuwa sawa na leo hajui jina lake, nao wanaambiana ni uzee. Mimi pia niliambiwa ni uzee.

Naitwa Zainabu Nekesa. Nimeshona nguo Bungoma mjini, karibu na msikiti, tangu kabla Juma wangu hajazaliwa. Mwaka nilipougua, uliofuata ule wa kuanza kwa elimu ya bure, nilikuwa na miaka sitini na saba. Macho yangu yalikuwa yameanza kuingia ukungu, lakini sikumwambia mtu. Mteja akija namwomba anitungie uzi kwenye sindano, nasema mkono umechoka.

Mwezi wa tano nilikwenda Kitale kumsaidia mwanangu palizi. Juma alikuwa amenunua kipande cha shamba nje ya mji, mahali ambapo mwenyewe wa zamani alifuga ng'ombe. Mke wake anaitwa Njeri. Siku ya nikahi alipewa jina la Mariamu, lakini sote tumebaki na Njeri. Wazazi wake ni wakulima waliotoka Mkoa wa Kati wakakaa Trans-Nzoia zamani, upande wa Cherangani. Mimi na yeye tulikuwa tunaheshimiana kama watu wawili walioketi benchi moja hospitalini: salamu nzuri, na nafasi katikati.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano. Juma alikuwa kazini mjini, anakotengeneza matrekta. Ninachokumbuka mimi ni mkono wa Njeri ukiniwekea bakuli la mboga mbele yangu. Zilikuwa chungu, nikazila zote.

Kuanzia hapo nasimulia nilivyosimuliwa. Haikupita saa mbili nikaomba maji. Nikanywa kikombe kizima, nikasema kinywa bado kikavu kama maganda ya mahindi, nikaomba kingine. Nikamwita Njeri kwa jina la mtoto wangu aliyefariki akiwa mdogo. Nikasimama niende nje nikagonga mwimo wa mlango, nikauomba mwimo msamaha. Njeri akakimbia kwa jirani mwenye simu kumpigia Juma.

Hospitalini tulingoja kwenye benchi la nje hadi alasiri. Juma anasema mkono wangu wa kulia ulikuwa unavuta uzi kutoka hewani. Naulamba ncha, nautunga kwenye sindano isiyokuwepo, kisha naanza kushona. Pembeni yangu alikuwa ameketi mama mmoja aliyeteremka kutoka Mlima Elgon na mguu uliovimba. Nilishika ukingo wa gauni lake nikaanza kulipinda upindo. Juma akataka kunitoa mkono. Yule mama akamwambia, "Wacha amalize. Ananishonea vizuri." Akakaa hivyo, mguu unamuuma, bila kusogea, mpaka nilipoitwa ndani. Sijui jina lake. Kila nikipinda upindo wa gauni namkumbuka.

Walinikuta na joto kali, ngozi kavu bila tone la jasho, moyo unakimbia. Muuguzi mmoja aliniwashia tochi machoni akasema mboni zimekula jicho lote. Hilo likaandikwa kwenye karatasi, na karatasi ikawekwa na nyingine. Walidhani ni malaria imepanda kichwani, halafu wakadhani ni kiharusi. Tumbo lilivimba kwa sababu mkojo ulikuwa umekataa kutoka, wakaniwekea mpira wa kuutoa. Niliichomoa dripu mara mbili, na mara ya tatu Juma akakubali mikono yangu ifungwe kwenye kitanda kwa vipande vya leso. Leso yenyewe ilikuwa yangu. Aliponieleza hayo, miezi baadaye, alikuwa anatazama dirishani.

Siwalaumu waliokuwa kazini. Malaria ilikuwa imejaa kweli msimu ule, na mwanamke wa umri wangu anayeshona hewa si jambo la ajabu sana wodini.

Ijumaa adhuhuri nilisikia adhana nikajua ni adhana. Kabla ya hapo, wanasema, nilikuwa nikiisikia nauliza ni nani anayelia. Nilifumbua macho. Mwanga uliniuma na nyuso zilikuwa na ukungu kuliko kawaida, lakini nilimtambua dada yangu Hadija ameketi ubavuni. Hadija anauza mitumba Lwakhakha, pale mpakani, na sauti yake imezoea kuita watu ng'ambo ya barabara. Njeri alikuwa amesimama miguuni pa kitanda na chupa ya uji.

Hadija aliniuliza nilikula nini siku ile.

Nikasema, "Mboga. Njeri aliniwekea."

Hadija akageuka kumtazama Njeri. Kisha Njeri akasema, "Mama, si ulichuma mwenyewe? Si ulipika na ile sufuria ndogo, mimi nikapakua tu?"

Nilitafuta kichwani. Niliona mkono na bakuli. Nyuma ya hapo hapakuwa na kitu, kama ukurasa uliong'olewa.

"Sikumbuki hivyo," nikasema.

Sikusema uongo. Lakini maneno hayo mawili yalifanya kazi ambayo uongo ungeshindwa. Hadija alitoka nayo pale wodini. "Watu watatu nyumba moja," alikuwa akiwaambia ndugu, "mmoja tu ndiye anashikwa. Ati mboga." Wengine waliongeza yao kuhusu watu wa Njeri, mambo ambayo sitayaandika. Juma hakumshtaki mkewe wala hakumtetea. Alikuwa anarudi kutoka kazini anakula na kunyamaza, na nadhani kunyamaza huko ndiko kulikomchosha Njeri. Mwisho wa mwezi wa sita, mahindi yakiwa yamefika kifuani, alikunja nguo zake akaenda kwa wazazi wake.

Mimi nilikuwa nimerudishwa Bungoma, chini ya Hadija. Mwili ulirudi polepole, tena bila mpangilio. Macho yalikaa wiki nzima hayataki jua. Mkojo uliniunguza baada ya ule mpira, nikameza vidonge siku saba. Mikono ilitetemeka, kisha ikaacha. Usingizi ulikuja mchana badala ya usiku. Lakini kilichoniuma zaidi ni mkasi. Waliuficha. Hadija alifunga mashine yangu kwa kufuli akaweka ufunguo kwenye pochi yake, na wateja wakaambiwa Mama Juma amechoka kichwa. Kila asubuhi aliniuliza leo ni siku gani na rais ni nani. Nilimjibu, kisha namuuliza yeye tarehe ya Kiislamu, naye anashindwa. Hakucheka.

Nilianza kuuliza na mimi. Nilinunua daftari la shule, nikawa kila anayekuja kunijulia hali namuuliza: uliniona lini, nilikuwa nafanya nini, nilisema nini? Watu walidhani ni sehemu ya ugonjwa. Lakini nilikuwa na swali halisi. Wazimu ulioingia kwa saa mbili na kutoka kwa siku tatu ni wazimu gani? Uzee hauji hivyo. Tena uzee hauondoki. Na kwa nini kinywa kikauke? Kwa nini mkojo ukatae? Na wale kuku, kwa nini wawe wadogo? Sikuwaogopa hata kidogo. Hata sasa nikiwawaza naona jinsi walivyokuwa wametengenezwa vizuri, na upanga mwekundu kama wa jogoo juu ya kila kichwa.

Mwezi wa nane niliwaambia wa nyumbani ukweli kuhusu macho, maana nilichoka kuomba kutungiwa uzi, na sasa hata uzi sikuwa nao. Juma alikuja kutoka Kitale akanipeleka kliniki ya macho. Tulimkuta mama wa makamo, mtaratibu, wote wanamwita Daktari Nasimiyu. Alisema nina mtoto wa jicho pande zote mbili, lakini anataka kuona vizuri nyuma ya jicho. Akanitilia matone, akaniambia nikae kwenye benchi nusu saa mpaka mboni zifunguke.

Nilikaa. Kwanza hakukuwa na kitu. Halafu mwanga wa mlangoni ukaanza kunichoma. Nikatazama kiganja changu, nikaona kimeyeyuka, mistari yote imepotea, ilhali mti ulio uani nauona kama kawaida. Nikasogeza mkono karibu, nikausogeza mbali. Sikuogopa. Ilikuwa kama kukutana njiani na mtu uliyewahi kulala nyumba moja naye.

Aliponiita ndani nilimwambia, "Daktari, hii nimewahi kuiona."

Akauliza, "Ulitiliwa wapi?"

"Sikutiliwa. Niliiona nikiwa kichaa."

Aliweka kalamu chini. Alivuta kiti chake akakaa mbele yangu, akaanza kuuliza, na maswali yake yalikuwa yale yale ya daftari langu. Kinywa kilikauka? Mkojo ulitoka? Nilikuwa na joto bila jasho? Kuna mtu aliyetazama macho yangu? Juma akamweleza ya muuguzi na tochi, na ya zile mboga. Daktari Nasimiyu akachukua kile kichupa cha matone. Kisha akaniambia kuna jani linalomea mashambani ambalo sumu yake ni ndugu ya dawa kama hii ya matone. Tone machoni linafungua mboni tu. Jani likiingia tumboni linafanya hivyo hivyo na kuzidi: linakausha kinywa, linazuia mkojo, linavuruga akili, na mzee huvurugika haraka kuliko kijana.

"Siwezi kuapa ndilo," alisema. "Damu ya wakati huo haipo tena. Lakini mboga zilitoka wapi?"

Juma alinitazama. Nami nilimtazama yeye, bila kumwona vizuri.

"Nendeni mwangalie pale zilipochumwa," akasema daktari. "Mama aende na mtu mwenye macho. Na msionje kitu."

Jumamosi iliyofuata tulikuwa Kitale. Nyuma ya nyumba ya Juma kuna mahali lilipokuwa zizi la yule mwenyewe wa zamani. Udongo wa pale ni mweusi kwa samadi, na kila kitu kinamea kwa nguvu. Namasaka zilikuwepo, zile mboga chungu za mnavu ambazo watu wa Njeri wanaziita managu, na katikati yake, imesimama hadi kiunoni, ilikuwa mimea mingine yenye maua meupe kama faneli na matunda ya kijani yenye miiba. Juma alivunja jani akaninusisha. Harufu ilikuwa nzito, ya kuchukiza. Nikamwambia hili haliwezi kuwa, nisingechuma kitu chenye maua haya. Juma akasema, taratibu, "Mama, mwezi wa tano hakukuwa na maua."

Upande wa pili wa ua alikuwa jirani yao, mkulima mzee aitwaye Kariuki, anapalilia viazi. Alituona tumeduwaa akasogea. Juma akamwuliza kama anaujua mmea ule. Akasema anaujua sana, hata ng'ombe wake wanaupita, na aliwahi kumwambia mwenyewe wa zamani aung'oe. Kisha akanitazama.

"Si ni wewe mama nilikuona hapa wakati wa palizi? Ulikuwa umeinama na kikapu, asubuhi. Nikakusalimia."

Nilimwuliza kama nilikuwa na mtu.

"Ulikuwa peke yako. Njeri alikuwa anafua pale mbele."

Juma akamwuliza, sauti imeshuka, kwa nini hakusema. Mzee Kariuki alishangaa kweli. Akasema alisikia mama ameugua, akasikia baadaye mke ameondoka, lakini hakuna mtu aliyekuja kumuuliza chochote.

Nilikaa chini palepale kwenye udongo wa samadi. Watu wakiambiwa hawana wazimu hufurahi. Mimi nilijua kwa wakati mmoja kwamba kichwa changu ni kizima na kwamba nimemvunjia mtoto wa wenyewe nyumba yake.

Tulikwenda Cherangani siku ya pili yake. Hadija nilimwambia kwa simu, akasema nisubiri tuzungumze kama familia. Sikusubiri. Mama yake Njeri alitukaribisha kwa chai ya maziwa, akatuandalia kila kitu, na hakuketi. Njeri aliingia kutoka shambani akanipa mkono kama kawaida, kichwa ameinamisha, akasema karibu mama.

Nilikuwa nimepanga maneno mengi. Yaliyotoka yalikuwa machache. Nilimweleza ya matone, ya zizi, ya Mzee Kariuki. Nikasema, "Nilichuma mwenyewe. Nilipika mwenyewe. Ulisema kweli na nikakuacha peke yako nayo. Nisamehe, mwanangu."

Aliketi mbele yangu. Alikuwa anaondoa udongo kwenye kucha.

"Mama, mimi sikuumia kwa vile ulisema," akasema. "Ulikuwa mgonjwa. Hata ungesema nimekukata na panga, ningejua ni ugonjwa. Niliumia kwa sababu ulipona, na haukuniuliza. Watu wote uliwauliza, nilisikia, ukaandika kwa kitabu. Mimi haukuniuliza."

Ilikuwa kweli. Daftari lilikuwa kwenye mkoba wangu, kurasa kumi na nne, na hapakuwa na ukurasa wa Njeri. Mtu pekee aliyekuwa nami tangu asubuhi hadi nilipougua sikumuuliza, kwa sababu niliogopa angenijibu nini.

Nikalitoa. Nikamwambia, kama hatajali, naomba nimuulize sasa. Juma akainuka akatoka nje na baba mkwe wake. Njeri akanisimulia siku ile yote, tangu nilipotoka na kikapu, yeye akiwa amekataa mboga chungu, nikisema watoto wa siku hizi hawajui kula uchungu, hadi nilipouomba mwimo msamaha. Hapo ndipo nilipojua habari ya mwimo. Alicheka kidogo akisema hivyo, kisha akalia, na mimi nikaandika nikiwa sioni ninachoandika.

Hakurudi nasi. Mtu akikuomba msamaha leo hulazimiki kupona leo. Juma alikwenda kule kila Jumapili, safari hii akizungumza, na alianza kwa kumwomba msamaha wa kunyamaza. Njeri alirudi wakati wa kuvuna, mwezi wa kumi na moja, akiwa na ndugu zake wawili wa kusaidia kukata mahindi. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuchukua jembe akaenda nyuma kwenye zizi, aking'oa mmea mmoja mmoja na mizizi yake, akarundika, akachoma. Hadija alimtumia kitenge kizuri kutoka mpakani bila neno lolote. Njeri alikiweka kabatini. Kimekaa mwaka sasa, kimekunjwa vilevile, na Hadija kila akija anauliza kama fundi hajapatikana. Fundi ni mimi, na sijaambiwa nikishone. Yatakwisha yakitaka.

Mwezi wa kumi na mbili nilipasuliwa jicho la kulia, na baada ya Iddi la kushoto. Nilipofunguliwa bandeji nilishangaa jinsi nyeupe ilivyo nyeupe. Ufunguo wa mashine nilimwomba Hadija siku hiyohiyo, akanipa.

Ninachoweza kumwambia mwenye mzee aliyebadilika ghafla ni kidogo, maana mimi ni fundi wa nguo. Mpelekeni hospitali, msingoje kesho. Mkifika, semeni alikula nini, alikunywa dawa gani, za duka au za miti, na ni nani aliyemwona mara ya mwisho akiwa sawa. Mkiweza, bebeni na jani lenyewe. Na ulizeni wote, hata yule mnayemwogopa.

Wiki mbili zilizopita mteja wangu kutoka Bokoli alikuja kuchukua sare za wanawe, akaniambia baba mkwe wake ameamka hajitambui, anazungumza na watu waliokufa, na ndugu wanasema ni umri, wamwache apumzike. Nilimkalisha chini nikamuuliza mpaka akachoka. Alikwenda akawahimiza, wakampeleka siku hiyohiyo. Jana alirudi kunipa habari. Halikuwa jani, ilikuwa malaria. Mzee ameshatibiwa na yuko nyumbani, mkali kama zamani, amekasirika na kila mtu, ati mahali pote anapopita anaulizwa amekula nini.